Kumfuata mdiria kwa fokasi kwenye mlango wa Mto Sabaki

Nimepitisha asubuhi nyingi kwenye mlango wa Mto Sabaki, kaskazini mwa mji wa Malindi, nikimvizia mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe, ambaye husimama hewani akipigapiga mabawa huku kichwa kimetulia tuli, kisha akajitupa majini kama jiwe. Kwa muda mrefu nilirudi nyumbani na picha za mikoko iliyoonekana jani kwa jani, na mbele yake ndege aliyefifia kama moshi.

Kamera haikuwa na kosa; kosa lilikuwa kwenye fokasi, yaani namna kamera inavyolenga umbali ili kitu kionekane wazi. Nilikuwa nimeiweka kwenye fokasi ya mara moja, ambayo hufunga umbali pale kitufe kinapobonyezwa nusu, na ndege akishasogea umbali huo haufai tena. Kwa kiumbe anayekwenda kasi tumia fokasi endelevu, iliyoandikwa AF-C katika Nikon na Sony, na Servo katika Canon. Kisha tafuta kwenye menyu mpangilio unaoamua kamera ihamie upesi kiasi gani kwenye kitu kingine kinachojitokeza. Mimi huupunguza, kwa sababu mdiria anaposhuka, nyuma yake huwa anga, mara mikoko, mara maji mekundu ya udongo, na kamera yenye pupa humwacha njiani.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni kuanza mapema. Mshike ndege angali mbali, nyuma yake pakiwa anga tupu, umfuate kwa kugeuza kiuno huku miguu imekita mchangani, na usipige picha hata moja kabla fokasi haijamkamata sawasawa. Kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) siiteremshi chini ya 1/2500 ya sekunde, hata ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikipanda; afadhali picha yenye chembechembe kuliko jicho lisiloonekana vizuri.

Msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini-mashariki, ndio ninaoupenda. Ndege anayesimama hewani huukabili upepo, kwa hiyo ukiupa upepo mgongo atakuelekea wewe, na asubuhi jua nalo hutokea upande wa bahari, likamwangaza usoni.

Buabua, ndege wa baharini wanaopumzika kwa makundi kwenye fungu la mchanga, usiwakurupushe ili upate picha ya mruko. Wengine wao wamesafiri kutoka mbali mno. Mimi hukaa chini, kamera magotini, nikangoja waruke kwa hiari yao.