Teke la Kuzunguka: Nusu Hatua Nyuma Ndipo Unapoumia

Mpinzani anakugeuzia mgongo ghafla, nawe unarudi nusu hatua na kuvuta kichwa nyuma. Wengi wanaoanza sparingi (mazoezi ya kupigana na mwenzako) hufanya hivyo, na kisigino huwakuta palepale. Teke la kuzunguka hubeba nguvu zake ncha ya mguu, pale kisigino kinapofikia mwisho wa safari yake. Ukirudi kidogo tu, umejipeleka mwenyewe kwenye ncha hiyo. Ama umgande mtu huyo, ama uondoke kabisa.

Lakini kugandana si jibu la kila teke, maana mateke yenyewe si mamoja. Ushiro geri, kwa jina la karate, ambalo watu wa taekwondo huliita dwi chagi, huja mstari ulionyooka: magoti yanapishana kwa karibu, kisha kisigino kinasukumwa tumboni au mbavuni kama mchi. Lile la kufyeka, ura mawashi geri la kuzunguka, hufunguka kwa nje na kisigino kikapita kwenye duara kutafuta taya au sikio. Kwenye la kufyeka, aliye karibu na mwili anakutana na paja tu. Kwenye la kusukuma, anayekimbilia mbele moja kwa moja anaongeza uzito wake mwenyewe juu ya teke, na hapo ndipo watu hukata pumzi.

Dalili huanza kabla mguu haujanyanyuka. Tuliza macho juu ya kifua chake, chini kidogo ya shingo. Usiyahangaishe na miguu. Tuseme anasimama mguu wa kushoto mbele, nawe vilevile. Bega lake la kushoto litafunga kuelekea kulia kwake, kidevu kitakimbilia bega la kulia, na uzito utahamia mguu wa mbele. Pale chini, mguu huo wa mbele unajinyonga juu ya vidole mpaka kisigino kinakutazama wewe. Kisigino hicho kikishageuka, mgongo unafuata, na muda wa kuamua ndio huo. Ukingoja uone mguu hewani, umechelewa.

Kwa mkao huo, mguu wake wa kulia utatoka upande wako wa kulia na kufyeka kuelekea kushoto kwako. Kwa hiyo mkono wako wa kulia ndio wenye kazi: ngumi igande shavuni, kiwiko kigande mbavuni kulinda ini. Kisha piga hatua ya mshazari, mbele na kushoto, mguu wa mbele ukitangulia na wa nyuma ukifuata bila kukawia. Uzuri wa mshazari huu ni kwamba huhitaji kujua mapema ni teke gani. Likiwa la kusukuma, umetoka kwenye mstari wake. Likiwa la kufyeka, uko ndani ya duara na kisigino kinapita nyuma yako. Tena ni upande ambao yeye hakuoni mpaka kichwa chake kimalize kuzunguka. Ukienda kulia unakipokea kisigino kikiwa njiani. Akisimama mguu wa kulia mbele na kuzungukia upande wa pili, geuza yote haya: linatoka kushoto kwako, unaingia mbele na kulia.

Ukishachelewa, usijilazimishe kuingia. Ondoka kwa hatua kamili, miguu yote miwili isogee. Kuegemea nyuma kwa kiuno huku nyayo zimebaki ni hatari, kwa sababu mzungukaji mzuri huteleza na mguu wake wa kusimamia na kuongeza urefu. Pasipo nafasi, pokea kwa mikono miwili iliyosimama wima na kubanana, kidevu ndani. Mkono mmoja ulionyooshwa mbali na mwili hauwezi kisigino. Mfupa wa kigasha unaweza kupasuka. Na tafadhali, usishushe kiganja kilichofunguliwa kulizuia teke la tumboni. Vidole huvunjika kwa namna hiyo. Kuinama mbele nako ni kuushusha uso mpaka usawa wa teke.

Kuna wakati mmoja wa kuwa macho kuliko mingine: baada ya mawashi geri yake (teke la kupinda kutoka ubavuni, bila kugeuza mgongo) kukosa. Mwili wake tayari unazunguka, mguu unatua mbele, na teke la pili linaendelea upande uleule kwa mguu mwingine. Wengi huliona lile la kwanza likipita, wakaona mlango uko wazi, wakaingia vichwa mbele. Hilo la pili lilikuwa linawangoja. Vilevile ukipiga mawashi yako mwenyewe kwa uvivu, bila kutanguliza ngumi, unamfungulia mbavu apige ushiro geri.

Kujibu ni kabla mguu wake haujatua, akiwa bado juu ya mguu mmoja. Ngumi moja au mbili inatosha, kisha toka. Ila jua kanuni zenu. Katika karate ya WKF (shirikisho la karate la dunia) mgongo ni eneo halali la kupata alama. Katika taekwondo ya WT (shirikisho la taekwondo la dunia) uti wa mgongo haupigwi. WT pia huyapa mateke ya kuzunguka alama za ziada, basi huko yategemee mara kwa mara.

Mazoezini, anzeni na raundi tatu za dakika mbili, kasi nusu. Ya kwanza, mwenzako ageuze bega na kisigino tu bila kupiga, nawe upige ile hatua ya mshazari. Ya pili, apige lile la kusukuma peke yake, ya tatu achanganye. Anayezunguka hupoteza kukuona kwa kitambo, hivyo kudhibiti nguvu ni kugumu hata kwa mtu mwenye nia njema. Kinga ya meno ni lazima, na kagueni kinga za miguu, kwani nyingi huacha kisigino wazi. Pandisheni kasi pale raundi ya tatu inapokwisha bila wewe kufumba macho wala kurudi ile nusu hatua.