Maswali ya Wasomaji: Utawala ukibadilika, wakubwa huenda wapi?

SWALI: Wahariri, salaam. Wanafunzi wangu wananiuliza mbona baadhi ya watemi (machifu) wa Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, walivuka salama enzi za Mjerumani, Mwingereza na TANU, chama kilicholeta uhuru, na wengine hawasikiki tena. Niwajibu nini? – Mwalimu wa historia, Mvumi

JIBU: Mwalimu, kabla ya cheo waulize kipato: katika kila enzi, mtemi alikuwa anakula wapi?

Enzi za misafara kati ya pwani na Unyamwezi, mtemi wa Ugogo alikula hongo, yaani ushuru wa kupita nchini mwake. Msafara uliotaka maji katika nchi hii kavu ulilipa vitambaa, shanga na nyaya. Nyumbani alikuwa mwenye mvua na mwenye ardhi. Wajerumani walipoweka boma Mpwapwa na baadaye Kilimatinde, hongo ikakoma, na reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 njia ya misafara yenyewe ikapoteza kazi. Mtemi aliyetegemea hongo peke yake akaishiwa. Aliyekubali kukusanya kodi na kutoa vibarua alipata ulinzi wa boma, lakini kwa gharama ya kuaminiwa na watu wake. Gharama hiyo ilikuwa kubwa zaidi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yalipochukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na njaa ya Mtunya ikafuata.

Mwingereza alikuja na mahitaji mengine. Kuanzia 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, mtemi aliyetambuliwa alilipwa mshahara kutoka hazina ya wenyeji. Ugogo ulikuwa na tawala nyingi ndogondogo, na serikali ilitaka watu wachache wa kuzungumza nao, kwa hiyo ndogo zikawekwa chini ya kubwa. Mtemi Mazengo wa hapo kwenu Mvumi akawa ndiye anayejulikana kuliko wote, na baada ya uhuru shule ya Alliance mjini Dodoma ikapewa jina lake. Walioachwa nje ya orodha walibaki na matambiko yao, bila mshahara.

Mwaka 1963 sheria iliondoa mamlaka ya machifu serikalini. Waliopanda baada ya uhuru walikuwa na kitu ambacho serikali mpya ilikihitaji: elimu ya shule, Kiingereza, uzoefu wa kuongoza mabaraza. Adam Sapi Mkwawa, aliyekuwa chifu wa Wahehe, alikalia kiti cha Spika kuanzia 1962 hadi 1973, na tena 1975 hadi 1994. Kati ya vipindi hivyo viwili alikaa Erasto Mang'enya, naye akijulikana kwa cheo cha Chifu. Kwa maoni yetu hapo ndipo jibu lilipo: serikali mpya ilimchukua mtu na kuiacha himaya yake, kwa sababu chifu asiye na eneo hatishi. Ila wanafunzi wasiondoke na picha ya ushindi. Watemi wengi wadogo hawakupata chochote, na hao hawana shule zilizopewa majina yao.

SWALI: Nataka kupima kama uhuru uliwabadilisha kweli wakubwa wa Dodoma. Nianzie wapi? – Mwanafunzi, UDOM

JIBU: Anza na viti, majina yatafuata. Chagua viti 15 hadi 20: mtemi, karani wa baraza, hakimu, diwani, katibu tarafa, mwenyekiti wa TANU wa wilaya. Andika nani alikikalia kila kimoja mwaka 1958, 1964 na 1970. Kisha kwa kila mtu jaza ukoo, shule aliyosoma, dhehebu, mali (mifugo, duka, mashine ya kusaga) na alikooa. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina kitabu cha wilaya cha ukoloni. Uteuzi utafute katika Gazeti la Serikali, na wabunge katika Taarifa Rasmi za Bunge. Kwa kila jina hoji familia mbili, mojawapo iwe ya wapinzani wake.

Makosa yanayoharibu kazi hii tunayafahamu. Mtu mmoja huandikwa kwa jina la Kigogo katika faili la zamani na kwa jina la ubatizo katika faili jipya. Ukimhesabu mara mbili, utaona mabadiliko ambayo hayakutokea. Ukifuata ubini tu, utawakosa wakwe na watoto wa mabinti. Ukianza na wanaojulikana leo, umewahesabu walionusurika peke yao. Na hesabu viti vyenyewe: vikiongezeka maradufu, sura mpya zitajaa bila hata mkubwa mmoja wa zamani kuanguka.

SWALI: Je, wakubwa wanaweza kubadilika bila chama tawala kuondoka? – Msomaji, Kongwa

JIBU: Wanaweza. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Mwenzi wa ndoa alihesabiwa pamoja naye. Februari 1991, kikao cha CCM, mrithi wa TANU, kilichofanyika Zanzibar kililegeza masharti hayo. Chama kilikuwa kilekile, lakini kiongozi aliruhusiwa kuwa mfanyabiashara, tena akiwa tayari anajua viwanja na vibali vinatolewaje. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995, haikurudisha makatazo ya Arusha juu ya hisa na nyumba. Inamtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake kwa Kamishna wa Maadili kila mwisho wa mwaka.