Utafiti usioishia kabatini

Ndugu, umeuliza utafiti wako wa shahada unawezaje kusaidia maeneo maskini badala ya kujaza kabati la chuo. Kwa maoni yangu, anza na tatizo, maabara ifuate.

Tazama walichofanya icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi. Mahindi yalikuwa yanatobolewa na funza wa mabua, na kiduha, gugu linaloishi kwa kunyonya mimea mingine, nacho kinanyonya mizizi. Watafiti wakapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari, kwa sababu harufu yake humfukuza nondo anayetaga mayai ya funza hao. Pembeni mwa shamba wakazungushia nyasi za nepia, ambazo humvuta nondo huyohuyo akatage huko. Mizizi ya desmodiamu hukizuia kiduha na kuongeza nitrojeni udongoni, tena mimea yote miwili ni malisho ya ng'ombe. Hapo ndipo penye utamu: mkulima halazimiki kununua dawa kila msimu.

Au mwaka 1971, dripu zilipopungua kambini kwa wakimbizi kutoka Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji yenye glukosi na chumvi. Vifo vikashuka mno.

Kwa hiyo kabla hujaandika pendekezo, kaa na watakaotumia matokeo. Waulize wameshajaribu nini, na kifaa kikiharibika nani atakitengeneza. Tenga pia fedha za kurudi kuwaeleza ulichogundua, kwa lugha yao. (Wengi husahau hili, halafu wanalalamika watu hawaelewi sayansi.)