Kabla hujagusa karata ya mezani: kwa wanaoanza briji

Ukishashinda mnada, yaani kushindana kutaja idadi ya duru (mizunguko ya karata nne) mtakazokula, na mwenzako akalaza karata zake mezani uzicheze wewe, usicheze kwanza. Hata kama mezani kuna karata moja tu ya aina iliyoongozwa, na lazima itoke hiyo hiyo, ngoja. Waliozoea karata za barazani, ambako anayechelewa hupigiwa kelele, jambo hili huwasumbua kuliko kanuni zote za kunadi. Mikataba mingi, yaani ahadi za duru ulizonadi, huvunjika kwenye duru ya kwanza, na mwenyewe anakuja kugundua ameshafika ya tisa.

Katika muda huo, hesabu. Ukiwa umenadi bila turufu (aina inayoshinda nyingine zote), hesabu duru utakazokula kwa uhakika bila kumwachia mpinzani nafasi. Ukiwa umenadi kwa turufu, mara nyingi ni rahisi zaidi kuhesabu utakazopoteza. Mkataba wa tatu bila turufu unadai duru 9, sita za msingi na tatu ulizonadi. Unazo 7? Mbili zilizobaki zitatoka aina gani, na mpinzani akiingia atakuletea nini? Tuseme wameanza na aina ambayo wewe una ree na ndogo mbili, mezani zipo ndogo mbili. Ree isitoke mapema. Kanuni ya saba inasema: chukua 7, toa idadi ya karata zenu za aina hiyo. 7 toa 5 ni 2, basi waachie mara mbili. Unataka mmoja wao aishiwe, ili hata akiingia baadaye asiwe na cha kumrudishia mwenzake.

Asilimia za kukariri ni chache. Karata 5 za wapinzani hugawanyika 3–2 mara 68 katika 100; karata 6 hugawanyika 3–3 mara 36 tu. Finesi, yaani kujaribu kula kwa karata ndogo ukitegemea kubwa ya mpinzani iko upande unaoutaka, ni nusu kwa nusu, kwa hiyo ikiwezekana jaribu mgawanyo kwanza, finesi uiweke akiba.

Sasa mbano, yaani kumlazimisha mpinzani atupe karata anayoihitaji, ambao kila mgeni anauulizia siku ya kwanza. Mimi nasema ni hesabu ile ile, imesogezwa mbele. Umenadi sita bila turufu, unahitaji duru 12, unazo 11 za uhakika. Wameongoza mfalme wa uru na ree unayo: mwache mfalme ale. Wengi hushtuka hapa. Lakini duru moja lazima ipotee mapema, la sivyo mwishoni mpinzani atakuwa na karata moja ya ziada isiyo na kazi, ataitupa hiyo na mbano haumgusi.

Ukifika kwenye karata tatu za mwisho, umeshakula 9. Mezani pana ree na jeki ya shupaza na uru moja isiyo na maana. Mkononi una pau ya mwisho, ambayo ni kubwa, malkia wa kopa na shupaza ndogo. Mpinzani mmoja ameshika mfalme na malkia wa shupaza pamoja na mfalme wa kopa. Cheza pau, mezani tupa uru. Yeye atupe nini? Akitupa mfalme wa kopa, malkia wako anakula. Akitupa shupaza, ree inaiangusha iliyobaki na jeki inasimama. Hapa hata akiwa amekaa kushoto au kulia kwako ni sawa, kwa sababu malkia wa kopa yuko mkononi na mezani pana karata ya kutupa bila hasara.

Ree ya kopa ilikuwa mezani, na ilibidi uicheze mapema ili malkia abaki huru. Mbinu hiyo imepewa jina la jiji la Vienna, na wanaoanza huikwepa kwa kudhani wanamfanyia kazi mpinzani.

Usijaribu kukumbuka karata zote 52. Wakati unamaliza pau zako, tazama mambo mawili tu: mfalme wa kopa ametoka au bado, na shupaza ngapi zimetupwa. Mfalme akiwa kwa mmoja na shupaza zikilindwa na mwingine, mbano haupo, lakini hujapoteza kitu: duru ya 12 hukuwa nayo tangu mwanzo.