Maswali na Majibu: Una Hakika Unakumbuka Vizuri?

Miongoni mwa barua zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili, tano zilihusu kumbukumbu, na ingawa waandishi wake hawajuani, maswali yao yanaingiliana kiasi kwamba nimeona ni vyema kuyajibu kwa pamoja. Barua nimezifupisha, na majina nimeyaacha kwa sababu karibu kila mwandishi anamtaja ndugu wa damu ambaye hakuombwa ruhusa.

Mhariri, mimi na kaka yangu tunabishana kila tukikutana. Nakumbuka wazi siku Mwalimu Nyerere alipofariki dunia: nilikuwa sebuleni na marehemu baba, redio ikiwa juu ya kabati, Rais Mkapa akatangaza, na baba akavua miwani akaanza kulia. Kaka anasema siku hiyo nilikuwa bweni na kwamba nilifika nyumbani siku kadhaa baadaye. Je, mtu anaweza kukumbuka kitu ambacho hakukiona? (Msomaji, Morogoro)

Anaweza, dada yangu, tena kwa uwazi ule ule anaokumbuka nao mambo yaliyomtokea kweli. Siwezi kuamua nani kati yenu yuko sahihi, lakini ninaweza kueleza kwa nini uwazi wa picha uliyo nayo hautoshi kuwa ushahidi.

Mwaka 1977 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roger Brown na James Kulik, walichunguza namna watu wanavyokumbuka saa waliyopata habari nzito, kama vile kuuawa kwa Rais Kennedy, wakapendekeza kwamba mshtuko huufanya ubongo uhifadhi kwa namna ya pekee si habari yenyewe tu, bali pia mahali ulipokuwa na mtu aliyekupa habari hiyo. Dhana hiyo ilipokewa vizuri kwa kuwa karibu kila mtu mzima ana siku ya namna hiyo. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa huenda ni 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama. Kwa wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam ni 7 Agosti 1998, mabomu yalipolipuka katika balozi za Marekani. Na kwa Watanzania wengi ni hiyo hiyo 14 Oktoba 1999 unayoiuliza.

Kilichokosekana kilikuwa kipimo, kwa maana watafiti walikuwa wakisikiliza masimulizi ya miaka mingi baadaye bila kuwa na kitu cha kuyalinganisha nacho. Ulric Neisser wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, ndiye aliyeona njia. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka 28 Januari 1986, sekunde 73 tu baada ya kuruka, na kuwaua watu wote 7 waliokuwamo, yeye na mwenzake Nicole Harsch waliwapa wanafunzi hojaji asubuhi iliyofuata: ulikuwa wapi, nani alikuambia, ulikuwa ukifanya nini, uliingiwa na hisia gani? Zaidi ya miaka miwili baadaye waliwapata 44 kati ya wanafunzi hao, wakawauliza maswali yale yale. Wanafunzi 11, yaani robo nzima, walikosea kila kipengele kikuu, na 3 tu ndio waliopata vyote. Idadi ya waliosema kwamba habari waliipata kwanza kwenye televisheni ilikuwa imeongezeka zaidi ya maradufu. Lakini linalonishangaza mimi kuliko yote ni lililofuata: walipoonyeshwa karatasi walizoandika kwa mikono yao wenyewe, hakuna hata mmoja aliyerudiwa na kumbukumbu ya awali, na wapo walioendelea kuiamini kumbukumbu mpya kuliko mwandiko wao.

Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, Jennifer Talarico na David Rubin wa Chuo Kikuu cha Duke waliongeza jambo moja muhimu. Waliwauliza wanafunzi 54, siku moja tu baada ya tukio, walivyopata habari hizo, na wakawauliza pia kuhusu jambo la kawaida lililowatokea siku chache kabla, kama vile sherehe au kipindi cha masomo. Wiki na miezi ilipopita, kumbukumbu zote mbili zilichakaa kwa kasi ile ile. Tofauti ilikuwa katika hakika: jambo la kawaida watu walianza kulitilia shaka, ilhali lile la mshtuko waliendelea kuliapia.

Sababu ni kwamba ubongo hauhifadhi tukio zima mahali pamoja. Unapokumbuka, unaliunda upya kutoka vipande vipande, kama msimuliaji wa ngano ambaye ana mifupa ya hadithi na nyama huiongeza kila anapohadithia. Na kinachoongezwa leo huwa sehemu ya kile utakachokumbuka kesho. Katika habari yako vipande ni vingi. Taifa liliomboleza kwa siku kadhaa, matangazo yalirudiwa, mwili wa Mwalimu uliletwa kutoka London na hatimaye ukazikwa Butiama, na yamkini baba yenu alilia zaidi ya mara moja. Inawezekana kabisa ulimwona akilia mbele ya redio ile ile, ila siku nyingine. Inawezekana pia kwamba ni kaka anayechanganya, maana naye ubongo wake hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Mkitaka kuumaliza ubishi, tafuteni karatasi ya wakati huo: taarifa ya shule yenye tarehe za kufunga, barua, au picha iliyoandikwa nyuma.

Niliona mtu akipora mkoba usiku karibu na kituo cha daladala, na nimemtambua kwenye gwaride la utambulisho. Nina hakika asilimia mia moja. Jamaa yangu anayesomea sheria ananiambia nijiandae kuulizwa kuhusu taa, umbali na muda, kana kwamba mimi ni mwongo. Hakika yangu haitoshi? (Msomaji, Mwanza)

Haitoshi, ndugu yangu, na wala huitwi mwongo. Kesi yenyewe siwezi kuizungumzia. Naweza kuzungumzia hakika.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya ajali ya magari. Wanafunzi 50 waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipopondana", wengine 50 wakaulizwa kwa kitenzi cha kawaida cha kugonga, na 50 waliobaki hawakuulizwa mwendo kabisa. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika, lakini 16 kati ya walioulizwa kwa kitenzi kikali walisema waliviona, wakilinganishwa na 7 wa kundi la pili na 6 wa kundi la tatu. Neno moja katika swali, lililotamkwa baada ya tukio kwisha, lilitosha kuingiza vioo katika vichwa vya watu waaminifu.

Hakika nayo hukua kwa njia hiyo. Gary Wells na Amy Bradfield walichapisha mwaka 1998 jaribio ambamo watu walitazama video ya kamera ya ulinzi, kisha wakatakiwa kumchagua mhalifu katika picha ambazo, bila wao kujua, hazikuwa na mhalifu huyo. Kwa hiyo kila aliyechagua alikosea. Hata hivyo, walioambiwa kwa sentensi moja kwamba wamefanya vizuri na kwamba wamemtambua mshukiwa, baadaye walisema si tu kwamba walikuwa na hakika zaidi, bali pia kwamba walikuwa wameuona uso vizuri zaidi na kuutazama kwa makini zaidi. Jiulize, basi, kama baada ya gwaride kuna yeyote aliyekupa mkono au kukupongeza.

Mahakama zetu zililiona tatizo hili mapema, na naona fahari kidogo kulitaja kwa sababu tumezoea kudhani kwamba maarifa ya namna hii hutoka mbali tu. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Abdallah bin Wendo la mwaka 1953, ilionya kwamba utambuzi wa shahidi mmoja unapaswa kupimwa kwa uangalifu mkubwa sana, hasa pale mazingira ya kuona yalipokuwa magumu. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Waziri Amani, ilikwenda mbali zaidi na kusema kwamba ushahidi wa kutambua kwa macho ni wa aina dhaifu kabisa, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Ndiyo maana utaulizwa ulimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulitoka wapi, na kama ulimfahamu kabla. Jibu ulichokiona, na pale usipokumbuka, sema hukumbuki.

Mimi ni mwalimu wa msingi. Nikikutana na mzazi nakumbuka kazi yake, mtaa wake, hata ugonjwa uliomlaza mwanawe, lakini jina lake linanipotea na ninaaibika. Nina tatizo? (Mwalimu, Unguja)

Huna tatizo lolote, Mwalimu. Watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 1987 kwamba watu wakipewa nyuso pamoja na majina na kazi za wenye nyuso hizo, kazi hukumbukwa kwa urahisi zaidi, hata pale neno linapokuwa lile lile. Kwetu ingekuwa hivi: ukiambiwa kwamba mzazi fulani ni fundi, akili huleta misumeno, vumbi la mbao na mteja aliyecheleweshewa kitanda, na vyote hivyo vinakuwa njia za kumfikia, lakini ukiambiwa kwamba jina lake ni Bwana Fundi, huna pa kulishikiza.

Isitoshe, majina mengi si kwamba tumeyasahau, bali hatukuyasikia tangu mwanzo. Malcolm Brenner alionyesha mwaka 1973 kwamba watu wanaposema kwa zamu katika duara, kila mmoja hukumbuka vibaya yaliyosemwa muda mfupi kabla ya zamu yake, kwa kuwa alikuwa akijiandaa. Kikao cha wazazi ambacho kila mtu anajitambulisha ni mahali pabaya sana pa kujifunzia majina. Muulize mzazi jina lake tena mkiwa wawili, ulitamke papo hapo katika mazungumzo, na usione haya.

Babu yangu ni mfugaji na umri umekwenda. Anaweza kutaja kila ng'ombe aliyeuzwa kwetu, rangi, pembe na bei, lakini hajui simu yake ameiweka wapi. Shangazi aliye mjini anasema babu anajifanya. (Mjukuu, Narok)

Babu hajifanyi. Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1932, alisimulia alivyokutana huko Swaziland, ambayo leo ni Eswatini, na mchungaji ambaye alitaja ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja kabla, mmoja baada ya mwingine, kwa alama na bei zao, na maelezo yake yalipolinganishwa na orodha iliyoandikwa yakaonekana kuwa na makosa mawili madogo tu. Bartlett hakuona muujiza hapo. Ng'ombe ndio waliokuwa maisha ya watu wale, na mtu hukumbuka pale moyo wake ulipo. Simu ya babu haimo katika orodha hiyo.

Hata hivyo, mambo ya zamani kubaki imara hakuthibitishi kwamba yote ni salama. Akianza kupotea katika njia aliyoipita maisha yake yote, akirudia swali lile lile ndani ya muda mfupi, au akishindwa kuhesabu fedha alizozoea, mpelekeni hospitali, na shangazi awe miongoni mwa watakaomsindikiza.

Binti yangu yuko Kidato cha Nne. Anakesha akisoma daftari mara tatu, nne, na asubuhi ananiambia anajua kila kitu. Matokeo ya majaribio hayasemi hivyo. Namsaidiaje? (Mama, Mbeya)

Mama, binti yako hakudanganyi. Asubuhi ile anajua kweli. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuyachapisha mwaka 1885, aligundua kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea katika saa na siku za mwanzo, kisha upotevu unapungua kasi. Aligundua pia kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku tofauti hudumu kuliko yaliyorundikwa pamoja.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kifungu cha kusoma. Baadhi walikisoma mara mbili, wengine walikisoma mara moja kisha wakaandika walichokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walibaki na asilimia 42, na waliojipima walikuwa na 56. Kurudia kusoma humpa mtu hisia kwamba anajua, kwa sababu macho yanazoea ukurasa, na hisia hiyo ndiyo binti yako anayokuja nayo mezani kila asubuhi.

Kwa hiyo alale. Jioni asome mada moja, afunge daftari, aandike kwenye karatasi tupu kila anachokumbuka, hata kama ni mistari minne, ndipo afungue asahihishe. Mada hiyo aijaribu tena baada ya siku mbili, na tena baada ya wiki, kila mara akianza na karatasi tupu. Atalalamika kwamba kwa njia hii anaona hajui chochote, nawe usimwonee huruma haraka.