Mtaa ukijengwa upya, daini saa za kazi badala ya idadi ya majina

Mtaa ukishatangazwa kujengwa upya, ahadi ya ajira hufika kabla ya tingatinga. Mkutano unaitishwa, mkandarasi anasimama, anasema wenyeji watapewa kipaumbele, watu wanapiga makofi. Nimesaidia kwa muda kwenye dawati la ajira la mtaa wa namna hiyo, wenye wakazi wa kipato cha chini, na kamati yoyote ikiniuliza waanzie wapi, nawaambia hivi: msikubali ahadi inayohesabu vichwa. Ihesabu saa za kazi.

Kampuni iliyoahidi kuajiri watu kadhaa wa mtaani inaweza kuwachukua wote wakati wa kubomoa na kuzoa kifusi, ikawaandika majina, ikawalipa kwa wiki chache, kisha ikawaaga. Kwenye ripoti ahadi imetimia, lakini nyumbani kodi ya mwezi unaofuata haipo. Niliyashuhudia haya. Majirani zetu walijaa kwenye orodha, ila plasta, bomba na umeme, kazi zinazodumu na zenye malipo ya maana, zilikwenda kwa watu waliokuja na mkandarasi. Watu walikasirika, na walikuwa na haki.

Marekani sheria yenyewe imebadilika kwa mwelekeo huo. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ya mwaka 1968 kinataka miradi ya makazi inayopata fedha za serikali kuu iwafungulie milango ya kazi watu wa kipato cha chini. Kipimo cha zamani kilikuwa asilimia 30 ya waajiriwa wapya. Kanuni za 2020 zikaleta kipimo cha asilimia 25 ya saa zote za kazi. Na mjini Los Angeles, mwaka 2001, vikundi vya wakazi wa jirani na uwanja wa Staples Center vilisaini makubaliano na mwendelezaji yenye malengo ya ajira za wenyeji na mishahara inayotosha kuishi. Walisaini kabla mradi haujaidhinishwa na jiji. Hapo ndipo wakazi wana nguvu. Kibali kikishatoka, mnabaki kuomba.

Makubaliano yakipatikana, ombeni ratiba ya ujenzi. Vibarua huanza, mafundi wa kuta na paa hufuata, kisha rangi, milango na sakafu. Majengo yakikamilika kuna ulinzi, usafi na matengenezo, ajira za kudumu ambazo watu husahau kuzidai. Mkijua fundi bomba atahitajika lini, mnapata muda wa kumwandaa mtu: kitambulisho kilichopotea wakati wa kuhama, akaunti ya kupokelea malipo, buti, mafunzo ya usalama, na mahali pa kumwacha mtoto, maana saiti hufungua asubuhi sana.

Vyeti ndivyo vinavyowaumiza wengi. Tulikuwa na mama mmoja aliyejifunza kuweka vigae kwa kumsaidia kaka yake, hana karatasi hata moja. Tulimwomba msimamizi wa saiti ampe kona ya choo aiwekee vigae mbele yake. Mama alipima kwa pimamaji, akavuta uzi, akaanza na kigae cha katikati ili vipande vya kukata viishie pembeni. Msimamizi alipitisha kidole kwenye viungo, akauliza kama anaweza kurudi kesho. Tangu hapo tulidai jaribio la vitendo liandikwe kwenye makubaliano, kwa kila kazi ya ufundi isiyohitaji leseni.

Jambo la mwisho ni wakandarasi wadogo. Mkandarasi mkuu huwagawia kazi nyingi, na wao hudai kwamba ahadi haiwahusu. Hakikisheni makubaliano yanawataja waziwazi, kisha kila mwezi mpewe mahudhurio ya saiti nzima, yakionyesha saa, aina ya kazi na mtaa anaoishi mfanyakazi. Mwezi wa kwanza yasipoletwa, andikeni barua wiki hiyohiyo, nakala kwa ofisi iliyotoa kibali.