Mdogo wako yuko kifungo cha nje na bado anavuta unga

Dada, pole sana. Umeuliza kama umweleze afisa uangalizi kuwa mdogo wako amerudia unga, yaani heroini, na unaogopa watamrudisha ndani.

Mimi nasema aende kusema mwenyewe, nawe umsindikize. Anayejitokeza akiomba tiba hasikilizwi sawa na aliyekamatwa kijiweni, na hati ya mahakama iliyompa kifungo cha nje ina masharti. Akiyavunja kimyakimya anaweza kuitwa tena mbele ya hakimu.

Ila usisubiri siku ya kuripoti. Mpeleke kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotibu uraibu wa heroini. Hapa Dar es Salaam zipo Muhimbili, Mwananyamala na Temeke, chagueni iliyo karibu nanyi. Muhimbili wameanza tangu 2011, na dawa ni bure. Anainywa kila siku mbele ya mhudumu. Inazuia arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, na hapo ndipo penye ukombozi: kijana asiyeamka na maumivu hana sababu ya kuiba simu ya mtu asubuhi. Usitegemee miezi miwili. Wengi hutumia miaka.

Nauli ya kila siku ndiyo huwaangusha wengi, kwa hiyo familia mchangishane mapema. Akikosa siku kadhaa asijiongezee kufidia, arudi kliniki wampimie upya. Pombe na valiamu akae navyo mbali kabisa, vikichanganyika na methadoni vinaweza kumzimisha pumzi.

Mwombeni kliniki barua ya mahudhurio, apeleke kwa afisa. Na hapo nyumbani, tafadhali, msimwite teja.